Feti ya Kazi Kule Norwe na Bonane Yetu Hapa Uvira

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu



Komite imetuomba sisi tuliorudi kutoka Norwe tuseme neno juu ya feti ya mwisho wa mwaka. Hatutakawia.

Kule kaskazini tulifanya kazi katika kiwanda cha samaki. Tulikuwa tunawatia chumvi, ni wale wale tunaowaita hapa makayabu. Mwezi wa 12 jua halichomozi kabisa: unaingia kazini giza, unatoka giza. Wakati ule wa baridi makampuni yanaalika wafanyakazi kwenye karamu. Wanaiita julebord, maana yake meza ya Noeli.

Mwaka wa kwanza hatukwenda. Karatasi ilibandikwa ukutani, tuliiona, lakini tulisemezana: "Ile ni ya benye inchi. Na tukienda, batatukata ku mushahara." Tukabaki nyumbani, tukakula bugali yetu.

Mwaka wa pili, mama mmoja msimamizi alikuja mpaka kwenye meza ya kukatia samaki, akatuuliza mmoja mmoja kwa jina: unakuja? Tukaenda. Mlangoni watu walivua viatu vya theluji, wakatoa viatu safi ndani ya mfuko. Sisi hatukujua, tukaingia na soksi. Walicheka kidogo, na sisi tukacheka. Kulikuwa mbavu za nguruwe, na nyama ya kondoo iliyokaushwa na chumvi. Wenzetu wasiokula nguruwe wakashika kondoo. Patron mwenyewe ndiye alikuwa anagawa kahawa.

Lakini kilichotusaidia si chakula. Mmoja wetu alikuwa na mkono umevimba tangu wiki mbili. Aliuficha juu ya kuogopa kufukuzwa. Pale mezani jirani yake aliona anashika kisu vibaya. Akamwambia: mtu akiisha kufanya kazi miezi 2, sheria inamruhusu kujitangaza mgonjwa siku 3 bila karatasi ya daktari, na mshahara unabaki. Sisi tulikuwa pale zaidi ya mwaka. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. Jumatatu yake akaenda kwa daktari, na mkono ukapona.

Sasa tuangalie kwetu. Sisi pia tunabandika karatasi. Wanachama wenye deni la mchango wanaziona, wanapita. Wanasema: "Ile ni ya bale balilipa." Mwaka huu mwenzetu mmoja alilaza mtoto hospitali mwezi mzima. Kasha la ugonjwa lilikuwapo. Tulipata habari wakati mtoto alikwisha kutoka. Aliona haya juu ya deni la miezi 3.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, Bonane tukule pamoja, mwenye deni na asiye na deni. La pili, kasha la ugonjwa lisiguswe, wala pesa ya wafadhili: kila nyumba ilete sahani yake, ndagala, sombe, mihogo, kile iko nacho. La tatu, karatasi peke yake haitoshi. Kila mwanakomite achukue majina yake, afike mpaka mlangoni mwa mtu, aulize: mutakuja?

Na siku ile orodha ya madeni isisomwe. Ibaki nyumbani kwa trezorie.