Kipimo cha Moyo Kiwafuate Watoto Shuleni

Ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi ni miongoni mwa maradhi ya moyo yanayoweza kuzuilika, na hata hivyo bado unawafikisha watoto na vijana wa Afrika Mashariki kwenye vyumba vya upasuaji. Chanzo chake ni maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria aina ya streptokoka, ambayo yasipotibiwa ipasavyo huweza kuichochea kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Uvimbe unaozuka ndani ya moyo kwa sababu hiyo, ukijirudia, huziacha vali, yaani milango inayoiruhusu damu kupita upande mmoja tu, zikiwa nene, ngumu na zisizofunga sawasawa.

Kwa muda mrefu madaktari waliutafuta ugonjwa huu kwa kusikiliza kifua, lakini vali inayovujisha damu kidogo mara nyingi haitoi sauti ambayo sikio linaweza kuinasa, na mtoto mwenyewe huendelea kukimbia na kucheza bila dalili yoyote. Hapo ndipo umuhimu wa eko unapoonekana. Kipimo hiki hupeleka kifuani mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, ambayo yakigonga moyo hurudi na kuchora kwenye kioo picha ya vali zikifunguka na kufunga, huku sehemu yake iitwayo Doppler ikionyesha kwa rangi damu inaelekea wapi na kama inarudi nyuma. Hakitumii mionzi, hakimuumizi mtoto, na siku hizi kipo pia katika mashine ndogo za kubeba mkononi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanyika kwa wanafunzi wa Kambodia na Msumbiji, ulionyesha kwamba eko iligundua wagonjwa takriban mara 10 zaidi ya waliogunduliwa kwa kusikiliza kifua.

Kugundua mapema kuna faida gani? Jibu lilitoka Uganda, ambako watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ambao eko ilikuwa imewakuta na ugonjwa usio na dalili, waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 na jingine lisichomwe. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 tu ya waliopata sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiopata.

Ni kweli kwamba picha peke yake haiponyi, na kwamba si kila badiliko dogo kwenye vali ni ugonjwa, ndiyo maana msomaji wa picha hana budi kufunzwa na kufuata vigezo vilivyokubaliwa kimataifa. Upimaji usioambatana na penisilini ya uhakika, daftari la wagonjwa na muuguzi wa kumfuatilia mtoto aliyekosa sindano utaishia kuwatia wazazi hofu. Kwa hiyo wizara za afya na za elimu ziuingize upimaji huu katika huduma za afya shuleni pamoja na tiba yake, na wazazi nao wasiyapuuze maumivu ya koo ya mtoto, kwa kuwa penisilini hugharimu kidogo mno kuliko upasuaji wa vali.