Umeme wa Nje kwenye Gari la Huduma: Tuanze na Ethi



Gari la huduma likilala yadi siku mbili tatu, betri inakufa. Redio, taa za onyo na chaja za drili hunyonya kidogo kidogo, asubuhi gari haliwaki. Dereva aliyechoka kusukumwa huacha injini inanguruma saa nzima, dizeli inateketea bure. Dawa yake ni kulichomeka gari kwenye umeme wa jengo, kama meli inavyochomekwa gatini. Vifaa si vingi: tundu la kuingizia umeme, breka, chaja ya betri na soketi mbili za zana. Kwa kuwa ni vichache, watu huifanya kazi hii haraka haraka, na kinachorukwa ni ethi.

Gari limekaa juu ya mpira. Waya wa moto ukichubuka ukagusa bodi, umeme hauna pa kwenda na hakuna breka itakayoruka. Bodi nzima inabaki na volti 230. Anayekuja na viatu vilivyolowa akashika kitasa cha mlango, huyo ndiye anageuka waya wa ethi. Kwa hiyo waya wa kijani na njano ufungwe kwenye chesisi yenyewe kwa bolti, si kwa skrubu ya bati la kabati. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, kisha paka grisi kutu isije ikaingia.

Baada ya ethi, RCD ya miliampea 30. Breka ya ampea 16 inalinda waya, hailindi mtu. Binadamu hufa kwa umeme usiofika hata ampea moja, na breka haitashtuka. RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikiona upungufu inakata. Kumbukeni tu kwamba RCD ya garini haiulindi waya unaotoka ukutani. Soketi ya yadi nayo iwe na ya kwake.

Sasa tundu. Wapo wanaofunga soketi ya kawaida ya nyumbani ubavuni mwa gari, kisha wanatengeneza waya wenye plagi huku na huku. Waya huo ukichomoka upande wa gari, pini zinabaki nje zina moto, na mtoto wa mlinzi anapita. Hilo sina lugha laini ya kulisema: ni marufuku. Pini zikae kwenye gari, waya uje na jike. Tundu la buluu la ampea 16 lenye kifuniko linatosha kabisa.

Kuhusu waya, chukueni wa mpira wa milimita za mraba 2.5. Plagi yetu ya ukutani ina fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Kwa mita 30 utapoteza kama volti tano na nusu, si neno. Ukiwa umezungushwa kwenye rili, ukunjue wote, la sivyo utajipika wenyewe.

Gari lenye inveta linahitaji chenji-ova inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, ili inveta na umeme wa nje visikutane kamwe. Chaja iungwe upande wa umeme wa nje tu, kabla ya chenji-ova. Ukiiweka baada yake, betri italisha inveta, inveta ilishe chaja, chaja irudi kuchaji betri ile ile, na betri itaisha huku taa ya kuchaji inawaka.

Jingine kwa wanaopokea magari ya mtumba kutoka Japani: umeme wa majumbani kule ni volti 100. Chaja iliyokuja na gari isomwe kibandiko kabla ya kuchomekwa.

Ombi langu ni hili. Kabla ya kumkabidhi dereva funguo, bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD uone kama inakata. Kisha chomoa kila kitu, upime kati ya pini ya ethi na bodi, sehemu nne tofauti, mlango wa nyuma ukiwemo. Mita ikizidi nusu ya omu popote pale, gari lisitoke karakana.