Rubani Akiwa Peke Yake: Ajali za Helikopta Nyepesi katika Safari Binafsi



Tarehe 30 Julai 2003, Steve Hislop alifariki katika vilima vilivyo karibu na Teviothead, kusini mwa Scotland, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Hawick kwa helikopta aina ya Robinson R44. Alikuwa na umri wa miaka 41, na hakukuwa na mtu mwingine ndani. Wafuasi wa mbio za pikipiki wanamkumbuka vizuri: alishinda mbio za Isle of Man TT mara 11, na mwaka 1989 alikuwa wa kwanza kuizunguka njia ile ya hatari kwa wastani wa zaidi ya maili 120 kwa saa. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alikuwa bingwa wa Superbike wa Uingereza.

Nimeanza na Hislop kwa sababu kila rubani binafsi anapofariki peke yake, tunakimbilia kusema kwamba mikono yake ilikuwa bado mibichi. Sikusudii kuhukumu ajali ile. Ninachotaka kusema ni kwamba wepesi wa mikono, hata uwe wa kiwango cha bingwa, ni kinga dhaifu sana katika helikopta ndogo. Hatari zake kubwa ama huja haraka kuliko mkono wowote, ama humwadhibu rubani kwa kutii kile ambacho mwili wake unamwambia afanye.

Hatari ya kwanza iko katika mapanga yenyewe. R22 na R44, zilizobuniwa na Frank Robinson na kuundwa huko Torrance, California, zina mapanga mawili tu juu, moja likipanda jingine linashuka, kama bembea ya ubao. Mfumo huo ni rahisi na ndio uliowezesha watu wengi kujifunza urubani kwa gharama wanayoimudu. Lakini unahitaji mapanga yawe yamebeba uzito wa helikopta wakati wote. Rubani akipanda kilima kisha akasukuma usukani mbele kwa ghafla ili ashuke ng'ambo ya pili, au mkupuo wa upepo ukiiangusha helikopta kwa nukta, mwili wake unahisi wepesi wa kuelea. Hapo mapanga hayajabeba kitu. Panga la mkia, ambalo liko juu kidogo ya kitovu cha uzito, linaendelea kusukuma, na helikopta inalalia kulia. Kila rubani aliyezoea ndege za mabawa atavuta usukani kushoto mara moja. Kufanya hivyo ndiko kunakoua. Kwa kuwa mapanga hayana mzigo, helikopta haitii usukani. Mapanga peke yake ndiyo yanayoinama, kitovu cha mapanga kinagonga mhimili, na panga linaweza kukata mkia au kuingia chumba cha rubani. Jibu sahihi ni kuvuta usukani nyuma taratibu, mapanga yabebe mzigo tena, ndipo kurekebisha mlalo. Hakuna mtu anayezaliwa na silika hiyo.

Mamlaka ya anga ya Marekani ililiona tatizo hilo ikatoa kanuni maalumu mwaka 1995: mwanafunzi wa R22 asiruke peke yake kabla ya kufundishwa saa 20 pamoja na mkufunzi, na kila rubani wa aina hizi apate mafunzo ya mambo haya hasa. Hata hivyo ajali hazikuisha. New Zealand, nchi ya milima na pepo kali, iliziweka ajali za mhimili kugongwa katika orodha ya mambo yanayohitaji uangalizi wa pekee mwaka 2016. Rubani aliye peke yake aelewe pia kwamba helikopta yake ni nyepesi zaidi siku hiyo, na mkupuo uleule wa hewa utaitikisa zaidi kuliko ikiwa imejaa.

Hatari ya pili ni kupungua kwa mizunguko ya mapanga. Mapanga mepesi ya R22 hayahifadhi nguvu nyingi; injini ikizimika, rubani ana chini ya sekunde mbili za kushusha mpini wa kushoto. Sisi tunaoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, tunajua jinsi injini inavyopungukiwa pumzi mchana wa joto. Nakiri kwamba kwa upande huu aliye peke yake ana nafuu, maana mzigo ni mdogo.

Hatari ya tatu naichukia kuliko zote, kwa sababu inaanza kwa upole. Wingu linashuka, rubani anashuka nalo, bonde linabana, na hatimaye haoni upeo wa macho. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo pekee, katika ndege ya mabawa. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Ndege ile, ukiuachia usukani, inajaribu kutulia yenyewe. Helikopta nyepesi isiyo na mtambo wa kuituliza haitakusubiri hata muda huo.

Upweke unafanya kazi yake hapa. Anapokuwepo abiria, hata asiyejua lolote, huuliza, "Hivi tutafika kweli?" Swali hilo dogo humlazimisha rubani aliseme jibu kwa sauti. Asipokuwepo, wingu linashuka futi mia kwa futi mia na hakuna anayelitaja. Ndiyo maana nataka kila mwenye leseni binafsi aandike kabla ya kuruka kimo cha wingu ambacho akikifikia atatua, popote palipo wazi. Matthew Zuccaro, alipokuwa rais wa chama cha helikopta cha kimataifa, HAI, aliwasihi marubani jambo hilohilo: helikopta inaweza kutua shambani, basi itue shambani. Mwenye shamba atakasirika, mwache akasirike.

Jambo la mwisho linahusu utafutaji. Tangu tarehe 1 Februari 2009, setilaiti za uokoaji hazisikilizi tena masafa ya megahezi 121.5, zinasikiliza 406. Helikopta yenye kifaa cha zamani tu cha kutoa ishara ya ajali, ikianguka bila shahidi, itategemea mtu wa chini anayejua iliondoka lini na ilitarajiwa wapi. Katika vikundi vya majadiliano vya mchana napendekeza mjadili hili: nani, katika kila klabu, atapokea simu ya rubani anayeondoka peke yake, na baada ya dakika ngapi za kimya ataanza kupiga simu mnarani.