Mifupa ya Mawe Katika Korongo Letu

(Mazungumzo kwa wanakisomo)



Mwalimu wenu ameniomba nizungumze juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekwisha kukikanyaga. Ndiyo, kukikanyaga. Nasema juu ya mifupa iliyogeuka mawe, ile tunayoiona korongoni mvua zikiisha. Wataalamu huiita visukuku. Kimoja ni kisukuku. Liandikeni neno hilo katika madaftari yenu, maana tutalitumia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mvulana nachunga mbuzi, niliona jiwe jeusi limechomoza ukingoni mwa korongo. Juu yake lilikuwa na matuta yamepangana, kama shamba la viazi. Nikalipiga kwa mgongo wa panga mpaka likatoka, lakini nusu ikavunjikavunjika. Ile nusu iliyobaki nikaipeleka nyumbani. Mama akaipenda, akaitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ikakaa pale miaka mingi.

Baadaye wakaja watafiti. Mimi nikapata kibarua cha kuchekecha udongo wao. Siku moja nikawapelekea jiwe langu, kifua mbele, nikitegemea kusifiwa. Mtaalamu mmoja akaligeuzageuza, akaniambia, "Hili ni jino la mnyama wa jamii ya tembo, la zamani sana. Ulilitoa wapi?" Nikasema korongoni. "Upande gani? Juu, katikati au chini? Katika udongo mwekundu au ule wa kijivu?" Nikanyamaza. Kingo zote zilikuwa zimekwisha kuliwa na maji, na mimi sikukumbuka kitu. Akanirudishia kwa upole, akasema, "Basi ni yatima."

Neno lile liliniingia. Nitawaeleza kwa nini alisema hivyo.

Mnyama akifa porini, kwa kawaida fisi na tai humaliza kila kitu, na mfupa unaobaki hupasuka kwa jua. Lakini mara chache mnyama hufa kando ya maji, na upesi hufunikwa na tope au majivu ya volkano. Hapo mfupa unahifadhika. Maji ya ardhini hupita ndani yake polepole, yakiacha chembechembe za madini, maelfu kwa maelfu ya miaka, mpaka mfupa unakuwa mzito kama jiwe. Juu yake udongo mwingine hulala, na mwingine tena. Ni kama mama anavyopanga khanga sandukuni: ya chini ndiyo iliyotangulia kuwekwa. Majivu ya volkano wataalamu wanaweza kuyapima wakajua yalianguka lini. Kwa hiyo mfupa ulio kati ya matabaka mawili ya majivu unapata umri wake kutoka kwa majirani zake. Ukiutoa pale bila kuandika ulipokuwa, umewafukuza majirani. Mnanielewa? Ndiyo maana ya yatima.

Na kisukuku si mfupa tu. Hata unyayo unaweza kugeuka jiwe. Kule Laetoli, karibu na Olduvai, mwaka 1976 watafiti walikuwa wakitaniana kwa kutupiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka akikwepa, na alipokuwa chini kwenye korongo kavu akaona nyayo za wanyama katika majivu yaliyogeuka jiwe. Mwaka 1978 zikapatikana hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Umri wake ni kama miaka milioni 3.6. Sisemi mkatupiane mavi, lakini mmeona faida ya kutazama chini.

Sasa, kutafuta. Wakati mzuri ni baada ya masika, maji yakiisha kukauka. Maji ndiyo yanayotuchimbia, sisi hatuna haja ya jembe. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa upande, kwa sababu kivuli kidogo huonyesha hata kitu kidogo. Adhuhuri macho yanadanganyika, kila jiwe linafanana na mwenzake. Tembea polepole, polepole kuliko mtu aliyepoteza sindano. Tazama mahali maji yanapopunguza mbio, nyuma ya mawe makubwa na ndani ya kona, maana vitu vizito huachwa hapo. Ukiona kipande chini ya mteremko, usifikiri kimezaliwa pale. Kimeteremka. Inua macho, fuata mteremko kwenda juu, utafute tabaka kilikotoka. Kazi tamu ni hiyo.

Lakini jihadharini. Korongo likiwa kavu kwetu, huenda mvua inanyesha milimani, na maji yakaja ghafla kwa kishindo. Ukiona wingu zito upande wa juu, toka. Usikae chini ya ukingo uliochimbika kwa ndani. Na fimbo uwe nayo, nyoka hapendi kushangazwa.

Utajuaje kama ni kisukuku au jiwe tu? Kwanza uzito. Mfupa wa ng'ombe aliyekufa juzi ni mwepesi. Kisukuku mara nyingi kinazidi ulivyotegemea. Pili, tazama palipovunjika. Mfupa ndani yake una vijitundu vidogo vidogo kama mkate, na ukivunjika bado vijitundu vinaonekana, hata vikijaa madini. Jiwe la kawaida halina mpango huo. Tatu, jino. Jino linang'aa kwa nje, hata likiwa la miaka milioni. La mamba ni kama msumari mnene; gamba la kobe ni bapa, na mara nyingi lina mistari ya viungo. Rangi isikudanganye: kisukuku huchukua rangi ya udongo kilimolala, kikawa cheusi, chekundu au cheupe.

Wengine watakuambia gusa kwa ulimi, kikinata ni kisukuku. Ni kweli, vingi vinanata. Lakini mimi siwashauri. Mfupa usioujua unaweza kuwa wa ng'ombe aliyekufa kwa kimeta, na vijidudu vya kimeta hukaa miaka mingi. Ulimi wako acha kwa chakula.

Na yapo mawe yanayoiga. Jiwe la mviringo si lazima liwe yai. Chokaa iliyogandamana kuzunguka mizizi inafanana kabisa na mfupa wa mguu, lakini ndani haina vijitundu. Michoro myeusi kama majani juu ya jiwe mara nyingi ni madini tu. Mimi nimewahi kubeba "kidole cha mtu" kilomita nne, kumbe mzizi. Walinicheka wiki nzima.

Nataka mumjue mtu mmoja, Kamoya Kimeu wa Kenya. Utotoni alichunga mifugo, na shule alisoma miaka michache tu. Mwaka 1960 alianza kazi na akina Leakey huku kwetu, Olduvai. Mwaka 1964 aliona taya la kiumbe wa jamii ya binadamu kule Peninj, karibu na Ziwa Natron. Halafu mwaka 1984, wakiwa kambini Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, ilikuwa siku ya mapumziko. Yeye badala ya kulala akaenda kuzunguka ng'ambo ya mto mkavu. Pale chini pametapakaa kokoto nyeusi. Katikati ya kokoto hizo akaona kipande kidogo cha mfupa, ukubwa wake kama kiberiti, nacho cheusi vilevile! Kilikuwa kipande cha fuvu. Walipochimba kwa utaratibu, msimu baada ya msimu, wakapata karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Kama Kamoya angetia kile kipande mfukoni akaenda zake, mvulana yule angebaki ardhini, au angeliwa na maji. Kamoya alifariki mwaka 2022. Darubini hakuwa nayo siku ile, alikuwa na macho na subira tu.

Ndugu mmoja ameniuliza kabla hatujakaa: "Mbona ng'ambo watu wanaokota na kuweka nyumbani, ni mchezo wao wa mwisho wa wiki?" Ni swali zuri. Kule Florida, Marekani, watu huingia katika mto uitwao Peace River, wakachekecha mchanga kutafuta meno ya papa wa kale. Papa hung'oka meno maelfu katika maisha yake, na yale ya mtoni yamekwisha kuachana na tabaka lake. Lakini hata huko, mifupa ya wanyama katika ardhi ya jimbo inahitaji kibali. Kwetu Tanzania tuna sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Kuchimba bila kibali hakuruhusiwi, na aliyeona anatakiwa kutoa habari. Kwa hiyo mchezo wetu ni wa kutafuta, kutambua na kuandika. Kubeba hakumo. Nami nawaambieni, raha iko palepale. Na akija mtu na noti mbili tatu akitaka umwonyeshe korongo usiku, mjue anafuata nini. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji.

Ukiona kisukuku, fanya hivi. Usikivute. Weka mawe matatu kando yake, si juu yake, ili upaone tena. Toa daftari. Andika tarehe, jina la korongo, upande wa kushoto au kulia ukitazama maji yanakokwenda, hatua ngapi toka mti au mwamba unaojulikana, na rangi ya udongo. Chora umbo lake. Ukichora vibaya si neno. Mwenye simu apige picha, aweke kalamu kando ili ukubwa ujulikane. Halafu peleka habari ofisi ya kijiji, ili ifike kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Kama maji yanakaribia kukichukua, sema hivyo kwa haraka.

Ninyi mliojifunza kuandika mmenipita mimi wa siku zile. Ningekuwa na daftari na mistari mitano tu, jino lile lingekuwa na kwao.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, tukutane darajani. Njooni na daftari, kalamu, fimbo na maji ya kunywa. Majembe na mapanga yaacheni nyumbani. Mama mmoja pale nyuma ananionyesha kwa kidole kwamba kuna kitu cheupe karibu na kisima cha chini. Tutaanzia hapo.