Bao Lile ni la Nani?

Leo twende Kanada, kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Sisi barafu yetu ni ya kwenye soda, lakini kisa chenyewe mtakielewa.

Klabu ya Edmonton Oilers ilifunga mabao 446 katika michezo 80 ya msimu wa 1983/84. Hakuna timu nyingine ya ligi ile ya NHL iliyowahi kufikisha hata 400. Wao walizivuka misimu 5 mfululizo. Mchezaji wao, Wayne Gretzky, alifunga 92 msimu wa 1981/82. Msimu wa 1985/86 akapata pointi 215, na 163 kati ya hizo zilikuwa za pasi za mabao, maana kule mtoa pasi naye huhesabiwa. Mimi hiyo 163 ndiyo inayonishangaza zaidi.

Agosti 9, 1988, muda mfupi tu baada ya kutwaa kombe la nne, mwenye klabu akamuuza Gretzky kwa Los Angeles Kings. Mashabiki walilia. Mbunge mmoja akaitaka serikali izuie mauzo hayo. Wapi!

Oktoba 15, 1989, Gretzky alirudi Edmonton na jezi ya wageni, akafunga bao lililovunja rekodi ya Gordie Howe ya pointi 1,850. Uwanja mzima ukasimama kumshangilia mpinzani. Vitabuni bao lile ni la Los Angeles. Lakini pointi 1,669 za kulifikia alizichuma pale pale Edmonton, na watu wale walikuwapo.