Mabati ya Bweni
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Bombambili, Songea)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie mchango wa bweni. Hesabu za Ndugu Mweka Hazina hazina kasoro. Nataka kugusa mstari mmoja tu: mabati yote 180, yaliyoahidiwa na ndugu ambaye hakusoma hapa, na ambaye sote tunajua ana nia ya kugombea ubunge mwaka 2030. Sharti lake ni dogo. Ayakabidhi mwenyewe, mbele ya wazazi, na apewe kipaza sauti.

Wazee wetu waliopiga kura mwaka 1965 watakumbuka ilivyokuwa. Karibu kila jimbo TANU iliweka wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. (Kwamba jembe lilipendeza zaidi machoni pa mkulima, hilo tuliache.) Kampeni ziliendeshwa na chama. Wagombea walihutubia mkutano mmoja, kwa Kiswahili, na hapana aliyeruhusiwa kumwaga fedha zake. Mwaka ule hata Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, alishindwa. Sisemi turudi huko. Chama kilikuwa kimoja, na majina yale mawili yalikwisha pitishwa na Halmashauri Kuu kabla mwananchi hajapiga kura. Fedha zilizuiwa mlangoni, lakini mlango wenyewe ulikuwa mwembamba.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ikarekebishwa, ikasemwa kwamba anachotoa mgombea kwa nia njema, kama ukarimu wa kimila, si rushwa. Tukaiita takrima, tukala pilau. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba, kwani maskini na tajiri hawawezi kushindana sawa kwa ukarimu. Kisha mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayoweka ukomo wa matumizi na kumtaka mgombea aeleze fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi.

Lakini sheria huhesabu fedha za msimu wa uchaguzi. Mwenye akili huja kabla ya msimu, na huja na mabati.

Mimi ni mtumishi wa umma, sina jukwaa la chama, na sijui kama ndugu yule anafaa au hafai. Pengine anafaa sana. Ila nakumbuka nikiwa kidato cha tatu tulichagua kiranja wa chakula. Mgombea mmoja alitugawia maandazi mawili mawili. Mwenzake, mtoto wa mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, hakuwa na kitu ila daftari alimoandika magunia yanayoingia stoo na yanayotoka. Nilikula maandazi, nikampigia kura mwenye maandazi. Mwaka mzima tulitafuna maharage yenye mawe, na hapana aliyethubutu kumwuliza kitu. Ungeanzaje, na maandazi yake umekwisha kula?

Vijana wa kidato cha tatu waliokaa nyuma pale watapiga kura yao ya kwanza mwaka 2030. Hao ndio watakaolala chini ya mabati haya.

Kwa hiyo natoa hoja. Tumwandikie ndugu yule barua ya heshima. Akipenda kutoa, aingize fedha benki katika akaunti ya shule, apewe stakabadhi kama sisi, pasiwe na hafla wala jina ukutani. Akikataa, basi tuliojiandikisha leo ni 63. Mabati matatu kwa kila mtu, na yatabaki tisa ya jiko.

Najua wapo ambao hawana matatu mwezi huu. Mimi naandikisha sita. Ndugu Mweka Hazina, naomba stakabadhi yangu.