Linux Yaingia Uwanjani

Kwa miaka mingi, mpenzi wa michezo ya kompyuta aliyechagua mfumo endeshi wa Linux badala ya Windows alijinyima mengi. Hali iligeuka mwaka 2018, kampuni ya Valve ya Marekani ilipotoa Proton, programu inayotafsiri maagizo ya mchezo wa Windows papo hapo ili Linux iyaelewe. Februari 2022 ikaja Steam Deck, kompyuta ya Valve ya kushika mkononi. Unaweza kuichezea usijue kamwe kwamba ndani mna Linux. Huo, kwangu, ndio ushindi wenyewe.

Hata hivyo, mwishoni mwa 2024 kampuni ya Electronic Arts iliwafungia watumiaji wa Linux mchezo wa Apex Legends, ikisema wadanganyifu wanajificha humo. Wachezaji waaminifu, wakiwemo walionunua bidhaa za mchezo huo, wakafungiwa pamoja nao. Hilo si haki.